Kidonge cha Mama Baada ya Kujifungua



Mtoto akizaliwa, watu wote humwuliza habari za mtoto. Ananyonya? Analala? Kitovu kimekauka? Ni maswali mema, nasi hatuyalaumu. Lakini leo twapenda kuandika habari za mama mwenyewe, na za kidonge kidogo sana ambacho mama wengine humeza kila siku ya maisha yao kwa ajili ya tezi ya koo iliyolegea. Kipimo cha kidonge hicho hubadilika mimba iingiapo, na hubadilika tena mtoto atokapo. Badiliko la kwanza wengi hulijua. La pili hupita kimya, maana siku hizo nyumba imejaa wageni na vilio vya mtoto, na hakuna akumbukaye kidonge.

Sisi tuandikao ni mume na mke, walimu wa shule ya msingi wote wawili, tukaao upande wa Nkwenda. Mmoja wetu ndiye mgonjwa, na wa pili ndiye mtunza kalenda na mpanda pikipiki wa kufuata dawa. Tutasema "sisi" hata mahali ambapo koo lenye ugonjwa ni moja tu, kwa kuwa ugonjwa huu umetusumbua wote wawili.

Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, kila mtu ana tezi yenye umbo kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Madaktari huiita thairoidi. Kazi yake ni kutia katika damu homoni iuamuruyo mwili mwendo wake: moyo upige upesi gani, tumbo lisage chakula kwa muda gani, mwili uwe na joto kiasi gani. Tezi hiyo ikilegea, kila kitu hulegea. Mwaka 2021 mama wa nyumba yetu alianza kuona baridi hata saa saba ya mchana, nanyi mjuao nchi yetu mnajua ya kuwa baridi ya Karagwe na Kyerwa ni ya alfajiri na ya usiku, si ya saa saba. Sauti yake ikawa nzito, uso ukavimba kidogo, nywele zikakatika, choo kikawa kigumu, naye akawa mtu wa kusinzia mbele ya wanafunzi. Watu walimtazama shingo wakitafuta rovu, na walipoona halipo wakasema, basi si koo. Lakini tezi yaweza kulegea pasipo kuvimba hata kidogo, nasi tulikaa miezi mingi kabla ya kumpata daktari aliyesema, "Tupime damu."

Wengine walitushauri tuongeze chumvi. Shauri hili lina asili ya kweli ndani yake, maana rovu nyingi za zamani katika nchi yetu zilitokana na upungufu wa madini joto, na chumvi yenye madini hayo imewaokoa watoto wengi. Hata leo mama anyonyeshaye yampasa kuitumia, na kuifunika vizuri, kwa sababu mtoto hupata madini joto yake katika maziwa. Walakini kuna ugonjwa mwingine, ambao askari wa mwili wenyewe huigeukia tezi na kuila polepole. Daktari wa Japani aitwaye Hakaru Hashimoto aliuandika habari zake mwaka 1912, na mpaka leo waitwa kwa jina lake. Ndio ugonjwa wetu. Huo hauponi kwa chumvi, hata ukila mfuko mzima.

Dawa yake ni kumpa mtu kutoka nje kile ambacho tezi yake haitoi tena. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alikamua maji ya tezi ya kondoo akamdunga mama mmoja mwenye miaka 46, aliyekuwa amekwisha kulegea mwili na akili. Mama yule akapata nafuu, akaishi mpaka mwaka 1919. Kisha mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani akaipata homoni yenyewe ikiwa safi, na mwaka 1927 Charles Harington na George Barger wakaweza kuitengeneza pasipo mnyama. Siku hizi huja katika vidonge vya levothairoksini, vinavyopimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Twataja hayo kwa sababu wako wadhanio ya kuwa kidonge hiki ni kitu kigeni kinachoingizwa mwilini kama sumu ya kupigana na wadudu. Sivyo. Ni kitu kile kile ambacho mwili hujitengenezea wenyewe ukiwa mzima.

Basi kwa kidonge cha mikrogramu 75 kila siku mama alirudi kuwa mtu. Mwaka 2023 akapata mimba. Daktari alipoambiwa hakungoja, akatupandisha hadi 100, na baadaye hadi 125. Alitueleza ya kuwa katika miezi ya kwanza mtoto hana tezi ifanyayo kazi, naye hutegemea homoni ya mama kwa kujenga ubongo wake. Kwa hiyo mwili wa mama huhitaji zaidi, mara nyingi robo zaidi, na pengine hata nusu. Hilo tulilishika sana. Hatukukosa kidonge hata siku moja.

Mtoto alizaliwa Machi 2024, wa kike, mwenye afya. Siku ya kuruhusiwa tulipewa maneno mengi, na yote mema: kitovu, kunyonyesha, chandarua, vidonge vya kuongeza damu, siku ya kliniki. Juu ya kidonge cha koo hatukuambiwa neno. Hospitali hiyo hatuitaji jina, maana wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, nao hawakuketi mchana kutwa. Lakini tuliondoka na 125 mkononi, na 125 tukaendelea nazo kama tulivyoagizwa mara ya mwisho.

Katika juma la nne mambo yakaanza. Moyo wa mama ulimwenda mbio hali amelala kitandani. Mikono ikatetemeka hata uji ukamwagika. Jasho likamtoka usiku wa baridi, mwili ukapungua ingawa alikula ndizi na maharage kwa wingi, na, jambo lililotushangaza kuliko yote, usingizi ukamkataa hata mtoto alipolala. Kila mama mwenye mtoto mchanga huchoka. Lakini mama aliyechoka hulala akipata nafasi. Huyu alikaa macho anatazama dari. Tulipima malaria, haikuonekana.

Hapo yakaja mashauri. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, huo ni uzazi tu. Mimi nimezaa saba, na kila mara nilitetemeka." Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema kidonge ni kikali, kinaingia katika maziwa, mtoto ataharibika, heri kiachwe mara moja. Tazameni, mashauri haya mawili yanapingana, la kwanza lasema endelea na la pili lasema acha, na yote mawili yangetudhuru. Kuendelea na kipimo kilichozidi kungeuchosha moyo na kudhoofisha mifupa. Kuacha kabisa kungekuwa na hila yake: dawa hii hutoka mwilini polepole, baada ya siku 7 hivi nusu yake ingali ndani, kwa hiyo mtu huacha, akajiona mzima juma la kwanza na la pili, akawaambia na wenzake ya kuwa ameacha na hakudhurika, kisha miezi miwili ikipita yuko ndani ya shimo. Na kuhusu maziwa, daktari alituambia baadaye ya kuwa kinachopita humo ni kidogo sana, wala hakimdhuru mtoto mama akiwa katika kipimo chake. Upungufu wa homoni ndio huweza kupunguza maziwa.

Mama mkwe hatukumjibu kwa ubishi. Tulimwambia, "Asante, Mama, lakini tupime kwanza." Akamshika mtoto, nasi tukaenda.

Daktari aliyetuona hakuanza na moyo wala na mikono. Aliuliza, "Unameza ya ngapi?" Aliposikia 125, akauliza tena, "Na kabla ya mimba?" Ndipo akaweka kalamu chini. Akasema kwa kawaida mama aliyekuwa akitumia dawa kabla ya mimba hurudishwa katika kipimo chake cha zamani mara mtoto azaliwapo, kisha hupimwa damu katika juma la 6 hivi. Akachukua damu. Maji ya damu yakatengwa, yakatiwa katika sanduku la baridi, yakapelekwa Mwanza, njia ile ndefu ya Kyaka, Muleba, Biharamulo na Geita. Na siku zile magari yalikuwa yakivuka maji kwa kivuko, maana daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa mwaka 2025. Jibu lilitufikia siku ya 9.

Hapa twaomba walimu wenzetu wasome polepole, kwa kuwa jibu hili huwapotosha hata wenye elimu. Kipimo kinachotumika huitwa TSH. Karatasi yetu ilisema: chini ya 0.1. Kwa watu wazima wengi kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi. Ndugu yetu mmoja, ambaye hufundisha hesabu na huifundisha vema, alipoiona karatasi akasema, "Yuko chini! Aongezewe vidonge." Angekuwa yeye daktari, mama angemezeshwa zaidi ya kile kilichokuwa kinamtetemesha.

Maana TSH si homoni ya tezi ya koo. Ni amri itokayo katika tezi nyingine ndogo, iliyo chini ya ubongo. Mfano wake ni mwalimu na mwanafunzi. Mwanafunzi akiwa mvivu, mwalimu hupaza sauti. Akiwa mvivu zaidi, mwalimu hupiga kelele. Mwanafunzi akifanya kazi kupita kiasi, mwalimu hunyamaza. Basi TSH ni sauti ya mwalimu. Hesabu ikiwa juu, homoni ni kidogo katika damu. Hesabu ikiwa chini sana, homoni imezidi. Katika damu ya mama mwalimu alikuwa amenyamaza kabisa. Tulirudishwa kwenye 75 siku ile ile, na katika majuma matatu moyo ukatulia na usingizi ukarudi. Uji haukumwagika tena.

Tulidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Daktari alitutaka turudi baada ya majuma 6 mengine, wala si kabla. Sababu ni ile ile ya dawa kutoka na kuingia polepole: ukibadili kidonge leo, damu haifikii hali yake mpya mpaka majuma 5 au 6 yapite, na apimaye baada ya siku 10 hupima mchanganyiko wa zamani na mpya, kisha hubadili tena bila sababu. Kungoja huko ni kugumu kwa mtu mwenye haraka. Katikati ya Juni jibu likaja: 6.8. Sasa mwalimu alikuwa akipaza sauti. Kipimo kile kile cha 75, kilichotosha kabla ya mimba, hakikutosha tena.

Tuliuliza kwa nini. Tulijibiwa ya kuwa katika mimba askari wa mwili hutulia kidogo, wasimdhuru mtoto. Mtoto akiisha kuzaliwa huamka, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa Hashimoto huenda wakala sehemu nyingine ya tezi iliyosalia. Ndiyo maana wengi wa mama hao huhitaji zaidi kidogo kuliko walivyohitaji kabla ya kuzaa. Basi tukapewa 75 siku moja na 100 siku ya pili, kwa zamu. Kalenda ya ukutani ikapata kazi: duara kwa siku ya 75, msalaba kwa siku ya 100. Mwisho wa Julai jibu likawa 2.1. Hesabu hizi ni za mwili mmoja, na msomaji asizichukue kuwa zake. Kila mwenye koo lake na apimwe la kwake.

Kwa miezi hii tumekutana na wengine ambao habari yao si kama yetu. Mama mmoja wa upande wa Kaisho hakuwa na ugonjwa wa koo maisha yake yote. Miezi mitatu baada ya kuzaa moyo ukamwenda mbio, ukatulia wenyewe, kisha mwezi wa sita akawa mzito, mwenye baridi na huzuni, halii wala hacheki, na wakwe wakasema amekuwa mvivu. Huo ni uvimbe wa tezi ujao baada ya uzazi, na wataalamu huukadiria kuwapata kama mama 5 katika 100, ingawa hesabu hutofautiana nchi kwa nchi. Kwanza tezi humwaga homoni yote iliyoiweka akiba, kisha hubaki tupu. Wengi hupona kabla ya mwaka kuisha. Wengine hupewa kidonge kwa muda, na wachache hukaa nacho daima. Yule wa Kaisho alipewa kwa muda. Tumeyaandika haya kwa sababu ya neno lile "mvivu," ambalo tumelisikia likisemwa juu ya wake wengi mno waliojifungua, na mara chache tumesikia mtu akiuliza kama damu imepimwa.

Kadhalika mama aliyetokwa damu nyingi sana katika kuzaa, naye akakosa maziwa tangu mwanzo, akabaki mnyonge na mwenye baridi, huyo amwambie daktari habari ya damu ile kabla ya kipimo chochote. Kwa mtu kama huyo huenda yule mwalimu wa chini ya ubongo ndiye aliyeumia, hata TSH isiweze kusema kweli.

Yamebaki mambo ya jikoni. Kidonge humezwa na maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa moja kabla ya kula. Sisi humeza saa kumi na moja alfajiri, mtoto aamkapo kunyonya. Chai na kahawa hungoja, na hata kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni akija ni vigumu kuikataa, tumeizoeza kungoja. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama hupewa kliniki visikutane nacho, kwa kuwa madini ya chuma hukishika tumboni kisiingie katika damu. Viachane kwa saa 4, na vya chokaa ya mifupa vile vile. Sisi huvimeza hivyo jioni. Dawa yenyewe hukaa katika kopo lenye mfuniko, mbali na meko na mbali na bati la paa, maana joto huiharibu.

Na mwenye mimba sasa hivi, ambaye kidonge chake kimepandishwa, asingoje siku ya uchungu. Amwombe daktari aandike mapema katika kadi yake ya kliniki atarudi katika kipimo gani mtoto akizaliwa, na apime juma la ngapi. Mkunga wa zamu usiku ule hatakuwa na nafasi ya kuuliza, lakini kadi ataisoma. Aulize pia hospitalini, iwe Nyakahanga au Isingiro, damu yake itapimwa wapi na jibu litarudi siku gani, ili nauli na nafasi ya kazi vipangwe mapema.

Kadi ya mama wa nyumba yetu sasa ina mstari ulioandikwa na mkunga wa zahanati kwa wino mwekundu: "Koo 75/100 kwa zamu. Pima Februari." Alipomaliza kuuandika, mkunga alituuliza kama vidonge vinatosha mpaka mwezi huo. Tukafungua kopo tukahesabu; vilikuwa vimebaki 12, basi Jumamosi iliyofuata mmoja wetu akapanda pikipiki kwenda Kayanga.